Silaha Kongwe Ni Shahidi, Tusimkate Ulimi

Hivi majuzi nilikuwa darasani nikieleza jinsi maneno yanavyopata maana mpya, nikalitaja neno gumegume. Wanafunzi wakaangua kicheko. Kwao wao, gumegume ni mwanamume asiyefaa kitu, basi. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba neno hilo ni jina la bunduki.

Wazee wetu wa pwani walizipambanua bunduki kwa namna baruti ilivyowashwa. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi uliokuwa ukifuka moto. Ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe lililogonga chuma. Ya fataki iligongwa kifuniko kidogo cha madini chenye kemikali ya kulipuka. Hatimaye ikaja bunduki ya viasi, yaani ya risasi zilizofungwa tayari pamoja na baruti yake. Maneno manne tu, msomaji, lakini ndani yake mna karne kadhaa za ufundi.

Huko ng'ambo, hasa Marekani na Uingereza, wako watu wanaozikusanya silaha zenyewe jinsi sisi wanaisimu tunavyokusanya maneno. Siwalaumu kwa hilo. Chuma cha kale ni maandishi kwa ajuaye kuyasoma. Ninaowalaumu ni wale wanaoinunua silaha kongwe kisha wakaichonga upya ili ipendeze au ifae kwa matumizi yao.

Natutazame mfano mmoja. Mwaka 1915, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi la Uingereza liliidhinisha bastola ya Webley ya namna ya sita, iliyoundwa Birmingham. Hiyo ni bastola ya risasi sita, yenye silinda inayozunguka, nayo hufunguka katikati kama kitabu na kuyatema maganda yote kwa mara moja. Baada ya Vita vya Pili, bastola nyingi za aina hiyo ziliuzwa Marekani kwa bei ya mitumba. Lakini risasi zake zilikuwa adimu huko. Basi mafundi wakazikwangua silinda kwa nyuma ili ziingie risasi za bastola ya kijeshi ya Kimarekani, ambazo zilipatikana kila mahali.

Matokeo yake yalikuwa mabaya mara mbili. Kwanza, risasi hizo zina msukumo mkubwa kuliko ule ambao bastola hiyo ilipimwa kuustahimili, na kwa hiyo mwenye kuifyatua anahatarisha mkono wake na macho yake. Pili, chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Wengine walizidi kuzing'arisha kwa nikeli, wakafuta mikwaruzo na mihuri iliyoonyesha silaha ilitoka wapi na ilipita mikono ya nani. Ajabu ni kwamba, leo mkusanyaji makini huilipia zaidi bastola iliyochakaa lakini haikuguswa kuliko ile inayometameta.

Yamkini msomaji ataniuliza: je, mtu hana haki ya kukifanyia chake apendavyo? Na je, kila badiliko ni uharibifu? La hasha. Wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, vipande vya mbao, komeo za milango na mipira. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya kugeuza kitu kuwa kingine, lakini ilitokana na dhiki, na badiliko lenyewe ndilo linalotusimulia habari ya dhiki hiyo. Mtu akiliondoa bomba lile leo na kutia mtutu mpya wa kupendeza, atakuwa ameondoa historia na kubakiza mapambo. Tofauti ni hii: fundi wa msituni aliongeza neno katika masimulizi, ilhali fundi wa mapambo anafuta sentensi nzima.

Sisahau kwamba silaha ni silaha. Machi 1996, mtu mmoja mwenye bastola alizozimiliki kihalali aliwaua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, Scotland. Mwaka uliofuata Uingereza ilipiga marufuku takriban bastola zote za raia. Hata hivyo, sheria hiyo iliacha mlango mwembamba, wenye masharti makali, kwa zile zilizoundwa kabla ya 1919 zenye thamani ya kihistoria. Walioitunga walitambua kwamba chombo cha kuua chaweza pia kuwa ushahidi. Lakini kinahifadhiwa kwa sababu kinasema kweli, si kwa sababu kinapendeza, wala si ili kipige tena.

Nasi hapa Kenya tunahitaji hekima iyo hiyo. Bunduki za majambazi na ziteketezwe. Lakini gobori la babu au bunduki ya bomba iliyotoka msituni isalimishwe kisheria, iondolewe uwezo wa kufyatua, kisha ihifadhiwe katika makumbusho ikiwa na kutu na mikwaruzo yake, pamoja na maelezo ya nani aliibeba na nani alielekezewa.

Na ninyi walimu, wapelekeni wanafunzi wakaione. Wakisharudi darasani, waulizeni maana ya gumegume. Nina hakika hawatacheka tu. Watakuwa na la kusimulia.