Kuingiza Pikipiki Iliyotumika: Yampasayo Kuyajua Anayerejea na Mgeni Anayehamia

Aghalabu ndugu zetu waliofanya kazi Masqat, Dubai na kwengineko hurejea nyumbani pamoja na vyombo walivyovitumia huko. Vilevile wageni wanaokuja kufanya kazi Visiwani, wakiwemo madaktari, walimu na wataalamu wa miradi, hupenda kuhamia na vifaa vyao vya nyumbani, na pikipiki ikiwa miongoni mwao. Jambo hilo ni halali, na Sheria imeliwekea nafuu. Hata hivyo, nafuu hiyo ina masharti yake. Asiyeyatimiza hujikuta akidaiwa ushuru asioutarajia, ama akiiacha jasho lake la miaka bandarini huku gharama za kuhifadhi mzigo zikipanda siku hadi siku. Kwa mnasaba huo, ukurasa huu umeonelea ni vyema kuyaeleza masharti hayo kwa utaratibu, ili watumishi wa Serikali na wananchi waweze kuyafahamu na kuwafahamisha jamaa zao walio ng'ambo.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwezi wa Januari 2005. Hapa Zanzibar, kama ilivyo Tanzania Bara, kazi za forodha hutekelezwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Jadweli la Tano la Sheria hiyo ndilo linalotaja mizigo ya msafiri isiyotozwa ushuru.

Kwa mujibu wa Jadweli hilo, mtu anayehamisha makaazi yake kwa dhati kutoka nje ya Jumuiya anaweza kusamehewa ushuru wa chombo cha moto kimoja. Masharti makubwa ni haya. Kwanza, awe ametimiza umri wa miaka 18. Pili, chombo kiwe chake mwenyewe, na awe amekimiliki na kukitumia huko alikokuwa kwa muda usiopungua miezi 12, bila ya kuhesabu siku za safari ya meli. Tatu, chombo kiingizwe nchini ndani ya siku 90 tangu mwenyewe alipowasili. Kamishna anaweza kuuongeza muda huo akiombwa, lakini usizidi siku 360 tangu tarehe ya kuwasili.

Sharti la pili ndilo linalowakwaza wengi. Tuchukue mfano wa mtu aliyeishi Masqat miaka tisa. Mwezi mmoja kabla ya kurejea, anaiuza pikipiki yake kuukuu na kununua nyengine iliyo bora zaidi, akiamini kwamba miaka tisa ya ukaazi inamtosheleza. Mtu huyo amekosea. Sheria haihesabu miaka ya mtu ugenini peke yake, bali huhesabu pia miezi ya mtu pamoja na chombo chake. Lau angeileta ile kuukuu aliyoizoea, angekuwa na haki ya kuomba msamaha. Kwa hii mpya atatozwa ushuru kama mnunuzi mwengine yeyote. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeleta pikipiki iliyoandikishwa kwa jina la kaka yake au la mwajiri wake, hata kama yeye ndiye aliyekuwa akiipanda kila siku.

Ieleweke pia kwamba anayekuja kwa likizo na kurudi kazini kwake hakuhamisha makaazi. Na kwa kuwa nafuu ni ya chombo kimoja, mwenye gari na pikipiki ajiandae kulipia kimojawapo. Uamuzi juu ya kila ombi uko mikononi mwa forodha, hivyo ni busara kuuliza na kuwasilisha vielelezo kabla ya chombo kupakiwa melini.

Kwa upande wa wageni, wapo wanaokuja chini ya mikataba baina ya Serikali na nchi au mashirika yao. Hao hupata nafuu kwa mujibu wa mikataba hiyo, na afisi inayowapokea ndiyo inayopaswa kuwaandalia barua mapema. Anayekuja kwa muda tu na kukusudia kuondoka na chombo chake anaweza kuomba kukiingiza kwa muda usiozidi miezi 12, na forodha inaweza kumtaka aweke dhamana. Watumishi wa Serikali wanaofanya kazi na wageni hao wanakumbushwa jambo moja: chombo kilichosamehewa ushuru kikiuzwa au kupewa mtu asiyekuwa na haki ya msamaha, ushuru wake hudaiwa. Anayenunua pikipiki ya mtaalamu anayeondoka aulize kwanza iwapo ushuru umelipwa, kabla ya kutoa fedha zake.

Kwa asiyestahiki msamaha, ni vyema aijue hesabu mapema. Ushuru hautozwi juu ya bei ya kununulia peke yake. Thamani ya forodha hujumuisha bei, nauli ya meli na bima. Kwa mfano, pikipiki iliyonunuliwa kwa dola 800, ikalipiwa nauli ya dola 250 na bima ya dola 20, huhesabiwa kwa dola 1,070. Baada ya hapo, Kodi ya Ongezeko la Thamani hukokotolewa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru uliokwisha kuongezwa. Wapo wanaoshauriwa waandikiwe ankara ya bei ya chini. Ushauri huo ni wa hatari. Kifungu cha 203 cha Sheria kinaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 kwa anayetoa maelezo au hati za uongo.

Hati za kuandaliwa ni pasipoti yenye mihuri ya safari, kadi ya ukaazi au kibali cha kazi, hati ya umiliki wa chombo (ambayo walioko Ghuba huiita mulkiya), ankara au risiti ya kununulia, na hati ya shehena ya meli. Usajili wa kule ufutwe rasmi na ipatikane shahada ya kusafirisha chombo nje. Huko Oman kazi ya usajili iko chini ya Polisi. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na hati, tarakimu kwa tarakimu, ilhali mwenye chombo bado yupo huko, kwani kosa la herufi moja huwa jepesi kulirekebisha pale na zito kulirekebisha hapa.

Kabla ya kupakia, petroli yote itolewe tangini, nyaya za betri zifunguliwe, na matope yasafishwe. Picha za pikipiki zipigwe pande zote, ili kukitokea madhara safarini uwepo ushahidi wa kudai bima. Meli ikifika, wakala wa forodha aliyesajiliwa awasilishe hati bila ya kuchelewa. Mzigo usioondolewa kwa wakati huhamishiwa ghala la forodha, na mwisho wake huweza kuwa mnada.

Baada ya kutoka bandarini, pikipiki haina ruhusa ya kuingia barabarani mpaka ikaguliwe, isajiliwe na kupewa namba inayoanza na herufi Z. Hapa pana mambo mawili ya usalama. La kwanza ni taa ya mbele. Oman na nchi jirani zake huendesha upande wa kulia, na taa zilizotengenezwa kwa nchi hizo zikishushwa humulika zaidi upande huo. Kwetu tunaoendesha kushoto, mwanga huo humpiga machoni anayekuja mbele, na katika barabara ya shamba isiyo na taa hilo linatosha kuleta msiba. Taa hiyo ibadilishwe. La pili ni mipira. Ubavuni mwa mpira huwa pameandikwa tarakimu nne. Kwa mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi juani hupasuka hata kama meno yake ni mazima.

Mwendeshaji naye awe na leseni ya daraja la pikipiki, kwani ya gari haitoshi, na kofia ngumu isikosekane kichwani mwake wala kichwani mwa abiria wake.

Wahenga walisema mali bila ya daftari huisha bila ya habari. Wenye jamaa ng'ambo wanaojiandaa kurejea wanaombwa wawapelekee maelezo haya sasa, ilhali miezi yao 12 bado inaweza kuhesabiwa.