Neno Dogo Lililomponza Mwenzangu

Wanafunzi wengi hudhani kwamba neno gumu katika Kiingereza ni lile lililo refu. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka nilipofika Kidato cha Tatu, ndipo nilipojua kwamba neno la herufi tatu tu, yaani "the", laweza kumtia mtu mashakani. Nataka kuwaeleza wenzangu jinsi nilivyokosea na jinsi nilivyojifunza kulitumia, ili kosa langu liwafae wengine.

Mwaka ule nilikuwa kiranja wa maktaba. Siku moja mimi na mwalimu wa maktaba tulizungumza habari ya mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza aliyechelewa kurudisha kamusi. Kesho yake nikaona mtoto mwingine, wa kidato hicho hicho, akitoka na kitabu cha ramani bila kukiandikisha. Sikuwahi kumshika, wala sikumjua jina. Mwalimu hakuwapo, basi nikamwachia barua mezani: "The boy from Form One has taken the atlas."

Mwalimu aliposoma, alielewa kama maneno yenyewe yalivyosema: yule mtoto tuliyemzungumzia jana ndiye aliyechukua. Mtoto wa kamusi akaitwa, sanduku lake likapekuliwa mbele ya bweni zima, wala hakikuonekana kitu. Alilia sana. Nami nikasema, "Lakini, Mwalimu, mimi sikumtaja huyu." Mwalimu akaweka kidole juu ya neno "the", akanijibu, "Umemtaja hapa." Nilimwomba radhi mtoto yule, naye akanisamehe, lakini jambo lile sijalisahau.

Sababu ya kosa langu ni kwamba nilidhani "the" ni pambo la Kiingereza kizuri, nikalitia kila mahali. Kumbe si pambo, ni kidole. Humwambia msikilizaji, "Ni kile unachokijua." Ilinipasa kuandika, "A boy from Form One has taken an atlas," yaani mtoto mmoja, ambaye wewe na mimi hatujamjua bado.

Kiswahili hakina neno la namna hii la kutangulia majina, lakini wazo lenyewe tunalo tangu utotoni. Sikilizeni mtu akitoa hadithi: "Palikuwa na mvuvi mmoja. Mvuvi yule alikuwa na mtumbwi mmoja. Mtumbwi ule ulikuwa umetoboka." Kwa Kiingereza twasema: "There was a fisherman. The fisherman had a canoe. The canoe had a hole in it." Mara ya kwanza ni "mmoja", nayo ni "a", mara ya pili ni "yule" au "ule", nayo ni "the". Tena mfano huu si wa kubahatisha. Katika Kiingereza cha kale neno "a" lilitokana na neno la kuhesabia moja, na "the" lilitokana na neno la kuonyesha, kama "yule" letu.

Iko njia nyingine ya kujipima. Mtu akiuliza, "Umesoma kitabu?" aweza kuwa anauliza habari ya kitabu cho chote: "Have you read a book?" Lakini akiuliza, "Umekisoma kitabu?" hapo pana kitabu anachokijua yeye nawe: "Have you read the book?" Ile "ki" iliyo katikati ya neno ndiyo inayofanya kazi ya "the". Lakini angalieni, kipimo hiki hakifai kwa watu na wanyama, kwa maana husema "nimemwona mtoto" hata kama mtoto hajulikani.

Sasa nitataja mambo manne yanayotupoteza mara nyingi.

Kwanza, kitu chaweza kujulikana bila ya kutajwa. Jua ni moja tu, kwa hiyo husemwa "the sun", ingawa sisi hatusemi "lile jua limekuchwa". Kadhalika "the first" na "the best", kwa kuwa wa kwanza ni mmoja, na aliyewashinda wote ni mmoja.

Pili, kitu hujulikana kwa sababu ya mwenziwe. Nikisema, "I bought a bicycle, but the bell is broken," kengele sikuitaja kabla, lakini kila mtu ajua kuwa ni ya baiskeli ile. Sisi hapo husema "kengele yake".

Tatu, tukinena habari ya kitu chote kwa jumla, kitu kisichohesabika, "the" haitakiwi. "Water is life," ni maji yote duniani. Lakini "The water in this tank is dirty," ni maji ya tangi hili. Vivyo hivyo "I go to school," maana yake mimi ni mwanafunzi, bali mzazi anayekwenda kuonana na mwalimu husema, "I am going to the school."

Nne, majina ya mahali. Mlima mmoja na ziwa moja havina "the": "Mount Kilimanjaro", "Lake Tanganyika". Bali milima mingi pamoja, mito na bahari huwa nayo: "the Usambara Mountains", "the Rufiji", "the Indian Ocean". Nchi husemwa "Tanzania" na "Kenya" tu. Lakini likiingia neno kama jamhuri au madola, husemwa "the United Republic of Tanzania", "the United States". Haya sharti yakaririwe, maana mazoea yamepita kanuni.

Nakiri kwamba kanuni hizi hazikumaliza makosa yangu yote. Hata hivyo, yamepungua sana tangu nilipoanza kujiuliza swali moja kila nitakapo kuandika "the": "Huyu ninayemwandikia anajua ni kipi?" Akijua, natia, asipojua, naacha.

Nawashauri wenzangu mchukue insha zenu za muhula huu, mpige mstari chini ya kila "the", kisha mjiulize swali hilo. Kuteleza si kuanguka. Alama moja ikipotea katika mtihani, yaweza kurudi muhula ujao. Lakini mwenzako akinyoshewa kidole bure mbele ya watu, aibu yake hairudishiki upesi.