Bunduki Kubwa ya Kuwindia: Je, Risasi ya Pili Itaingia?

Mtu anayelima karibu na msitu wa Aberdare, au chini ya Mlima Kenya, hana haja ya kuelezwa nyati ni mnyama wa namna gani. Dume mzima huweza kufika kilo 700 na zaidi. Pembe zake zimeungana juu ya paji la uso mithili ya ngao, na akijeruhiwa mara nyingi hakimbii mbali, bali huingia kichakani, akageuka, akasimama kimya akimngoja yule anayemfuata. Kwa sababu hiyo, wale waliopewa kazi ya kuwaondoa nyati na ndovu mashambani, yaani askari wa Idara ya Wanyama hapo zamani, na wale wa Shirika la Wanyamapori la Kenya tangu mwaka 1990, hawakuweza kuifanya kazi hiyo kwa bunduki ndogo ya kupigia paa. Walihitaji bunduki yenye mtutu mpana, na iliyoenea kuliko nyingine zote ni ile ya komeo.

Wanaoiona bunduki hii kwa mara ya kwanza huustaajabia ukubwa wa risasi yake, nayo kweli ni kubwa kama kidole cha mtu mzima. Lakini mwindaji wa siku nyingi hakuulizi habari za risasi ya kwanza. Hukuuliza kama ya pili huingia bila kusita. Nyati aliyekosewa kidogo huweza kuzimaliza hatua ishirini kabla mtu hajapata kusema neno, na bunduki iliyokwama wakati huo haina faida kuliko rungu, tena ni rungu zito la ratili kumi.

Komeo lenyewe ni kazi ya Paul Mauser wa Oberndorf, nchini Ujerumani, aliyelitengeneza kwa ajili ya jeshi mwaka 1898. Mafundi wa London hawakuona haya kulichukua na kulijengea bunduki za kuwindia. John Rigby alitoa risasi ya .416 mwaka 1911, na Holland & Holland wakatoa ile ya .375 mwaka 1912. Ile ya .404 ya Jeffery ilitangulia zote mbili, nayo ikapendwa sana na idara za wanyama katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza. Nambari hizo ni upana wa kichwa cha risasi kwa kipimo cha inchi: .375 ni karibu milimita tisa na nusu, na .416 ni zaidi ya milimita kumi na nusu. Hata hivyo si za kuaminiwa kila mara, maana kichwa cha ile iitwayo .404 hupimwa inchi .423. Asiyejua asinunue risasi kwa kukisia. Na asome maandishi yaliyochongwa juu ya mtutu, ayalinganishe na yale yaliyopigwa chini ya ganda.

Ubora wa komeo la Mauser umo katika kipande kimoja cha chuma kirefu, chenye springi, kilicholala ubavuni mwa komeo. Hicho ndicho ukucha. Komeo linaposukumwa mbele, risasi hupanda kutoka katika kasha lililo chini, na ukingo wa nyuma wa ganda lake huteleza ukaingia chini ya ukucha kabla risasi haijafika chumbani mwake. Tangu hapo risasi imeshikwa. Bunduki ikielekezwa juu, ikiinamishwa, au mwenyewe akiwa ameanguka chali, risasi haiponyoki. Komeo likivutwa nyuma, ukucha huling'oa ganda tupu, na kipande kingine hulirusha nje. Winchester ya Marekani walitumia ukucha wa namna hii katika bunduki yao ya Model 70 tangu 1936, wakauacha mwaka 1964 ili kupunguza gharama. Wawindaji wa nyati walinung'unika sana, na mpaka leo bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo huuzwa kwa bei ya juu zaidi.

Basi ikiwa chombo ni chema hivyo, kwa nini hukwama? Mara nyingi kosa ni la mkono. Risasi hizi ni ndefu, na komeo lina safari ndefu. Mtu aliyezoea bunduki ndogo hulivuta kwa woga, akaishia njiani, kisha akalisukuma mbele tena. Hapo ganda tupu halikurushwa, au limerushwa lakini risasi mpya haikupata nafasi ya kupanda, na komeo linafungwa juu ya chumba kitupu. Mwenye bunduki huvuta kifyatulio akasikia mlio mdogo tu wa chuma. Sauti hiyo ndogo imewatia watu hofu kuliko mlio wa bunduki yenyewe. Dawa yake ni mazoezi: komeo livutwe kwa nguvu mpaka lisimame lenyewe, lisukumwe mbele kwa nguvu vivyo hivyo, na kitako kisiondoke begani. Mtu na afanye hivyo kwa risasi za mfano zisizo na baruti wala fataki hai, jioni baada ya jioni, mpaka mkono usingoje kuamriwa.

Kosa la pili hutokana na haraka. Kasha likiwa tupu, mtu hutia risasi moja kwa vidole moja kwa moja chumbani, kisha akafunga komeo. Katika Mauser nyingi za asili ukucha haukufanyizwa kuruka juu ya ukingo wa ganda. Hugonga, ukakataa, na ukilazimishwa huweza kuvunjika. Risasi na ishindiliwe kwanza katika kasha, ndipo komeo liichukue kutoka huko. Tena, kila aina ya risasi ambayo mtu anakusudia kwenda nayo porini na ijaribiwe katika bunduki ile ile. Bunduki inayopokea vizuri risasi ya kichwa laini cha mviringo huweza kuikataa ile ngumu ya ndovu yenye kichwa bapa.

Likiwapo jambo la kumfanya mwenye bunduki asimame mara moja, ni komeo kuwa gumu kufunguka baada ya kupiga. Hii si habari ya kutafutiwa nyundo. Ni dalili kwamba nguvu ya baruti imezidi, au chumba cha risasi ni kichafu, au ganda limepasuka. Na alitazame ganda: fataki ikiwa imebanwa ikawa bapa kabisa, au imetoboka, asiendelee na risasi za fungu hilo. Joto ndilo adui mkubwa hapa. Baruti ya kale ya Kiingereza iitwayo kordaiti ilikuwa kali zaidi kila ilipopata joto, na risasi zilizoachwa juani juu ya motokaa mchana kutwa hazikuwa sawa na zile zilizotiwa sandukuni London. Rigby alilifahamu jambo hili. Ganda lake la.416 alilifanya kubwa kupita kiasi kwa makusudi, ili baruti ipate nafasi, nguvu isizidi, na ganda litoke kwa wepesi hata katika nchi ya joto. Pamoja na hayo kichwa chenye uzito wa gramu 26 na zaidi hutoka kwa mwendo wa futi 2,370 hivi kwa sekunde.

Habari za risasi ya .458 ya Winchester, iliyotokea mwaka 1956, ni kinyume cha hizo. Wamarekani walitaka nguvu za bunduki za ndovu katika bunduki ya bei nafuu, kwa hiyo walitia kichwa kizito cha gramu 32 hivi katika ganda fupi, na baruti ikashindiliwa chini yake. Ilienea upesi Afrika Mashariki, na wengi walitumikiwa nayo vyema. Lakini katika baadhi ya risasi za miaka ile ya mwanzo baruti ilishikamana ikawa kama donge, isiungue sawasawa, na kichwa kikatoka kwa unyonge. Mtu aliyelenga vizuri alishangaa kumwona nyati akija. Mwaka 1959, huko Msumbiji, mwindaji wa Kimarekani aitwaye Jack Lott alijeruhiwa na nyati, na baada ya hapo akaazimia kutafuta risasi iliyo bora. Ndiyo ile ya.458 Lott, yenye ganda refu zaidi, iliyotokea mwaka 1971. Mafunzo kwa mwenye bunduki ni ya kawaida tu. Risasi zina umri. Ziandikwe tarehe ya kununuliwa, zitunzwe mahali pakavu na penye baridi, na kila mwaka chache za zamani zipigwe kwenye shabaha ili zijulikane hali zake.

Risasi isipolia, mahali pa kulenga shabaha mtu na aendelee kuelekeza mtutu kwenye shabaha, ahesabu nusu dakika, ndipo afungue. Fataki nyingine huchelewa kuwaka. Mbele ya nyati hakuna nusu dakika. Risasi mbovu hutupwa nje, nyingine ikavutwa. Sababu yake itatafutwa jioni, na mara nyingi itaonekana ndani ya komeo lenyewe: mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi na kuuchelewesha msumari unaogonga fataki, au springi iliyochoka. Komeo na lifunguliwe, lisafishwe likauke, lipakwe mafuta membamba kidogo sana. Wengi hupaka mafuta mengi wakidhani wanaipenda bunduki yao. Chumba cha risasi hasa kiwe kikavu, kwa kuwa ganda lenye mafuta halishiki kuta zake, na uzito wote wa mshindo huliangukia komeo.

Teke la bunduki hizi huumiza mti kama linavyoumiza bega. Skrubu hulegea, ubao wa mjozi hupasuka nyuma ya chuma, darubini husogea, na iliyofungwa karibu mno na jicho hukata nyusi. Kifuniko cha chini cha kasha kikiwa na kifungio dhaifu, huweza kufunguka wakati wa mshindo, na risasi zote zikaanguka majanini, jambo ambalo mtu hucheka akilisikia limempata mwingine. Skrubu na zikazwe kwa bisibisi inayozienea sawasawa, na zikaguliwe kila siku ya safari. Lakini bunduki ikianza kukosa shabaha, mwenyewe asikimbilie kuilaumu. Na ampe mwenzake aitie kwa siri risasi ya mfano badala ya ile hai. Kama mtutu utainama wakati komeo likilia bure, basi kilicholegea si skrubu. Ni moyo unaoliogopa teke, na dawa yake ni kurudia bunduki ndogo kwa muda.

Kuhusu kuimiliki, mambo ni mazito kuliko zamani. Uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na marufuku hayo hayajaondolewa, ingawa Tanzania bado inauruhusu kwa leseni. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, humtaka kila mwenye bunduki awe na cheti, nacho si cha kurithiwa pamoja na kabati la marehemu. Mrithi akiikuta bunduki nyumbani, na aende polisi kabla hajamwonyesha jirani. Anayenunua huko inakoruhusiwa, aulize kwanza zitakakopatikana risasi. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Kynoch ya Uingereza iliacha kutengeneza risasi nyingi za bunduki kubwa, na watu waliokuwa na bunduki za thamani walizitundika ukutani, au wakaziuza na kuchukua ile ile .458 waliyokuwa wakiisema vibaya. Zingine zilianza kutengenezwa tena baadaye, lakini bei yake humfanya mtu ahesabu kila anapovuta kifyatulio. Ile ya .375 haijapata kukosekana hivyo, na nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huihesabu kuwa ndogo kuliko zote zinazokubaliwa kwa nyati na ndovu.

Lililobaki ni mtutu. Fataki za risasi za zamani huacha chumvi ndani yake, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta pekee hayaiondoi. Maji ya moto ndiyo huiyeyusha, kisha mdeki wenye kitambaa kikavu, kisha mafuta. Kazi hii ifanywe jioni ile ile, hata kama imepigwa risasi moja tu, kwa maana wakati wa masika asubuhi itakuta kutu. Kabla ya kutoka tena mafuta yafutwe yote. Na kabla risasi yoyote haijatiwa, komeo litolewe na mtutu utazamwe kutoka nyuma kuelekea kwenye mwanga wa mlango. Nyigu wa udongo hupenda tundu la upana ule ule, na bunduki iliyotundikwa ukutani wiki chache huweza kuwa na nyumba yake ndani, imejengwa kwa udongo mgumu. Udongo huo mdogo hutosha kuupasua mtutu wa chuma na kuuchukua mkono wa kushoto wa mpigaji.