Gari la Zamani Linalozima Likipata Moto: Jinsi ya Kubaini Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Magari madogo ya abiria yaliyotumika kwa miaka mingi, hususan Toyota Hiace, bado ni tegemeo la wakazi wa Kimara na kata jirani. Hubeba wanafunzi alfajiri, hupeleka bidhaa sokoni, na huwafikisha watu katika mitaa ya mlimani ambako mabasi makubwa hayafiki. Miongoni mwa hitilafu zinazowasumbua wamiliki wake, mojawapo huwagharimu fedha nyingi kuliko nyingine: injini huwaka vizuri asubuhi, hutembea nusu saa au zaidi, kisha huzima ghafla. Gari likipumzika na kupoa, huwaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo.

Tabia hiyo ndiyo inayowapa taabu mafundi. Gari linapofikishwa gereji huwa limekwisha kupoa, na hitilafu haionekani. Matokeo yake, mmiliki hubadilishiwa plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na kesho yake gari huzima palepale lilipozimia jana. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya injini na utaratibu wa kutafuta chanzo hatua kwa hatua.

Joto linafanya nini?

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iendelee kuzunguka: hewa, mafuta na cheche ya umeme. Inapozima kwa sababu ya joto, mara nyingi kilichokosekana ni cheche au mafuta. Kazi ya fundi ni kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, na kujua wakati hitilafu ingalipo.

Upande wa umeme, waya wa shaba uliozungushwa ndani ya koili huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 4 kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Ongezeko hilo ni la kawaida, na koili nzima hulimudu. Koili iliyochakaa ina nyufa katika kihami chake. Ikipanuka kwa joto, umeme huvujia ndani na cheche hupotea. Hali kama hiyo huweza kukipata kifaa cha kielektroniki kinachokata na kurudisha umeme wa koili, sensa ya mzunguko wa injini iliyomo ndani ya distributa, na relei ambayo solda yake imepasuka. Vyote hivyo huachia vikipata moto na kushika tena vikipoa.

Upande wa mafuta, pampu ya umeme iliyochakaa huzidi kupata moto kadiri inavyofanya kazi, hadi ikasimama. Katika magari ya kabureta, petroli iliyo katika bomba lililo karibu na injini huweza kugeuka mvuke, na pampu ikashindwa kuisukuma. Aidha, tundu la hewa la mfuniko wa tangi likiziba, mafuta yanayotoka hayapati hewa ya kuchukua nafasi yake, na tangi hujifunga kama chupa inayonyonywa.

Hiace za miaka ya 1990 zina jambo la ziada: injini yake iko chini ya viti vya mbele, mahali penye nafasi finyu. Gari likiwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, upepo hupungua na joto hukusanyika chini ya viti hivyo. Ndiyo maana gari lililopanda mlima bila shida huzima dakika chache baada ya kusimama.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, dereva azingatie namna injini inavyozima. Ikikatika mara moja, kana kwamba swichi imefungwa, hiyo ni dalili ya umeme. Ikianza kukosa nguvu, ikasitasita na kurukaruka kabla ya kuzima, hiyo ni dalili ya mafuta. Dalili hiyo peke yake haitoshi kutoa hukumu, lakini humwonyesha fundi pa kuanzia.

Pili, geji ya temperecha itazamwe. Iwapo imepanda kupita kiasi, tatizo ni la upozaji: maji yamepungua, feni haizunguki, au rejeta imeziba. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe wakati wa moto, kwani maji yenye mgandamizo huweza kumuunguza vibaya anayeufungua.

Tatu, mfuniko wa tangi ufunguliwe taratibu. Ikisikika sauti kubwa ya hewa ikivutwa ndani, na gari likawaka mara baada ya hapo, mfuniko ndio unaopaswa kuchunguzwa kwanza. Ni kipimo kisicho na gharama, lakini husahauliwa mara nyingi.

Nne, cheche ipimwe papo hapo, kabla injini haijapoa. Fundi hutumia kipima cheche kilichounganishwa na waya wa plagi, huku mwenzake akipiga stata. Kazi hii isifanywe na asiye na ujuzi, wala mahali penye petroli iliyomwagika, kwa kuwa umeme wa koili hufikia maelfu ya volti. Cheche ikikosekana, chanzo kiko katika umeme. Ikiwepo na ikiwa na nguvu, uchunguzi uhamie kwenye mafuta.

Tano, mafuta yapimwe. Fundi hufunga geji ya mgandamizo kwenye njia ya mafuta na kutazama kinachotokea gari linapozima. Mgandamizo ukishuka, ukaguzi uendelee kwenye chujio, relei, waya za pampu, na mwisho pampu yenyewe. Ni vyema pampu iwe ya mwisho, maana bei yake ni kubwa na waya uliolegea huleta dalili zilezile.

Gari linapogoma kuonyesha hitilafu gerejini, joto linaweza kupelekwa kwa makusudi. Draya ya saluni ikielekezwa kwenye kifaa kimoja baada ya kingine, injini ikiwa inaunguruma na mahali hapo pakiwa hapana mvuke wa petroli, hufichua kifaa kinachoachia. Njia hiyo huokoa fedha za spea ambazo hazikuhitajika.

Kwa magari ya dizeli utaratibu hutofautiana, kwa kuwa hayana plagi za cheche. Hapo huchunguzwa swichi ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu, hewa inayopenya katika mabomba, na uchakavu wa pampu yenyewe. Dizeli ikipata moto huwa nyepesi na kuvuja ndani ya pampu iliyolika. Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa juu ya pampu na gari likawaka mapema kuliko kawaida, uchakavu huo hutiliwa shaka. Maji baridi yasimwagwe moja kwa moja juu ya pampu yenye moto.

Usalama wa abiria

Hitilafu hii si ya mfuko tu. Injini inapozima gari likiwa katika mwendo, usukani wa nguvu huwa mzito, na msaada wa breki hubakia kwa kukanyaga mara chache. Katika mteremko wenye watembea kwa miguu, sekunde hizo ni za hatari. Dereva ashike usukani kwa nguvu, akanyage breki kwa uthabiti bila kuipampu, awashe taa za tahadhari na kuelekea pembeni kushoto. Ufunguo usichomolewe hadi gari lisimame, kwani usukani huweza kujifunga. Abiria, hasa watoto, washushwe upande ulio mbali na barabara, na pembetatu za tahadhari ziwekwe. Ikionekana dalili ya moto, watu wasogee mbali na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.

Gari la wanafunzi ambalo limeanza kuzima lisirudishwe barabarani kwa sababu tu limewaka tena. Kuwaka baada ya kupoa ni sehemu ya ugonjwa, si uthibitisho wa kupona. Wazazi wana haki ya kumuuliza mmiliki ni kitu gani kilichopatikana na kipimo gani kilikithibitisha.

Wamiliki wanashauriwa kuandika katika daftari saa, mahali, kiasi cha mafuta na muda ambao gari lilichukua hadi kuwaka tena. Kumbukumbu za siku tatu au nne humsaidia fundi kuliko maelezo ya mdomo. Mafundi waliojifunza kazi gerejini bila kupitia chuo wanaweza kupimwa na kutambuliwa ujuzi wao kupitia VETA. Vijana walio katika vikundi na wanaohitaji mtaji wa vifaa vya upimaji wanaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ili wapate maelezo ya mikopo isiyo na riba inayotolewa na halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.