Robo gramu ya rangi

Chukua kitochi, simu ya vitufe yenye tochi kichwani. Nokia 105 ya mwaka 2013 inafaa kupigia hesabu kwa sababu vipimo vyake vinajulikana: urefu milimita 107, upana karibu 45, unene 14, uzito gramu 70. Ukitoa kioo na vitufe, plastiki inayoonekana kwa nje ina eneo la kama sentimita 110 za mraba. Bodi, yaani ganda la plastiki, ya ukubwa huo ikipakwa rangi yenye unene wa mikroni 20, yaani sehemu 20 kati ya 1,000 za milimita moja, rangi yote itakayobaki juu yake baada ya kukauka ni sentimita za ujazo 0.22. Ukiiweka kwenye mizani ni robo gramu tu.

Robo gramu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye bodi ya simu ndogo, na anayeilipia mara nyingi zaidi ni mnunuzi wa miji midogo ya Hanang na Mbulu kama Katesh, Haydom au Dongobesh, ambaye hakuwahi kuulizwa kama anaitaka.

Tuanze kiwandani. Bodi ya plastiki hupata rangi kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, punje za plastiki, ambazo kwa kawaida ni ABS au polikaboneti, huchanganywa na punje chache za rangi, asilimia 2 hadi 4 hivi ya uzito, zikayeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Baada ya nusu dakika au pungufu bodi inatoka ikiwa nyekundu au buluu kuanzia juu hadi ndani kabisa. Katika njia ya pili, bodi hutoka kwenye kalibu na rangi yoyote iliyopo, mara nyingi kijivu au nyeupe ya maziwa, kisha hufutwa vumbi na mafuta, hupulizwa rangi ya kwanza, ya pili, wakati mwingine na vanishi juu, halafu huingizwa kwenye oveni. Moto wa oveni hiyo lazima uwe mdogo, nyuzi 60 hadi 80 hivi, kwa sababu ABS huanza kulainika ikikaribia 100.

Sasa tuweke bei. Nitatumia dola moja kwa shilingi 2,500 na bei za jumla za kufanyia hesabu, si za kiwanda fulani. Bodi ya kitochi ina plastiki ya kama gramu 20. Kilo ikiwa dola 2, hiyo ni shilingi 100. Tuseme mashine, umeme na mikono huongeza 300, jumla 400. Kuitia rangi ya ndani kunahitaji gramu 0.6 za punje za rangi, na hata kilo yake ikiwa dola 5, kila simu inabeba shilingi 7 na senti 50. Shilingi nane, basi, na plastiki yote ina rangi.

Kupuliza ni habari nyingine. Bomba la kupulizia la kawaida hupoteza rangi nyingi hewani, na tukisema asilimia 40 tu ndiyo inayofika kwenye bodi, bado tuko ndani ya hali ya kawaida. Halafu rangi yenyewe ina tina nyingi inayoruka wakati wa kukauka, na sehemu inayobaki tuiweke asilimia 35. Ili ubaki na sentimita za ujazo 0.22 juu ya bodi, lazima upulize karibu 1.6. Yaani katika kila lita saba za rangi zinazoingia kwenye bomba, moja tu ndiyo inayosafiri na simu. Nyingine huishia hewani, kwenye vichujio, kwenye maji machafu, na kwenye mapafu ya wafanyakazi wasio na barakoa za kufaa.

Hata hivyo, rangi yenyewe si ghali sana. Lita ikiwa dola 10, hizo 1.6 ni shilingi 40. Kinachokula fedha ni watu wa kufuta na kupanga bodi, chumba kisicho na vumbi, oveni na muda. Tuweke shilingi 500 kwa kila bodi, na hapo bado hatujagusa bodi zinazokataliwa. Chembe moja ya vumbi ikinasa, au tone moja likichuruzika, bodi imeharibika. Tukiweka asilimia 15 za kukataliwa, unahitaji kupaka bodi 118 ili upate nzuri 100. Kila moja imekwisha kula shilingi 900, kwa hiyo bodi moja nzuri inasimama kwenye shilingi 1,062. Ile ya rangi ya ndani, tukiipa asilimia 4 za kukataliwa, inasimama kwenye 425. Tofauti ni kama shilingi 640. Tena bodi mbovu isiyopakwa husagwa ikarudishwa kidogo kidogo kwenye mashine. Iliyopakwa ikisagwa huleta vipande vya rangi vinavyotia madoa na kudhoofisha plastiki mpya, kwa hiyo mara nyingi hutupwa.

Kama ni hivyo, kwa nini mtu apake rangi?

Jibu liko kwenye kalibu. Plastiki inapokimbia ndani ya chuma huacha alama: mstari pale mikondo miwili ilipokutana, kidoto pale ilipoingilia, bonde dogo nyuma ya kila kishikio cha skrubu. Rangi hufunika mengi ya hayo. Bodi isiyopakwa haina pa kujificha, hivyo kalibu yake lazima ichongwe kwa uangalifu mkubwa zaidi, ing'arishwe au itiwe mikwaruzo midogo ya makusudi inayoonekana kama ngozi. Tuseme kazi hiyo inaongeza dola 15,000, sawa na shilingi milioni 37.5. Ukigawa kwa ile tofauti ya 640, unapata simu 58,600 hivi. Anayetengeneza zaidi ya hapo anaokoa fedha kwa kuacha rangi. Anayetengeneza simu milioni moja anabeba shilingi 37 na senti 50 tu za kalibu kwa kila simu. Lakini mwenye toleo la simu 5,000 angebeba 7,500 kwa kila moja, naye bila shaka atachukua bomba la kupulizia.

Ndiyo maana wingi unaamua kila kitu. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250. Transsion, kampuni ya China yenye Tecno, itel na Infinix, iliuza simu kama milioni 194 mwaka 2023 peke yake. Kwa idadi kama hizo gharama ya kalibu nzuri haionekani tena. Wala plastiki isiyopakwa si alama ya umaskini: Nokia N9 ya mwaka 2011, simu ya bei kubwa, ilikuwa na bodi ya polikaboneti yenye rangi hadi ndani. Apple nao mwaka 2013 walitoa iPhone 5c ya plastiki ya rangi, wakaiongezea juu tabaka gumu linalong'aa.

Rangi ya kupuliza, basi, hukaa zaidi kwenye matoleo madogo: redio za majina yanayobadilika kila msimu, simu za kuiga, na hausing za kubadilishia ambazo fundi huzining'iniza ukutani kwenye vifuko vya nailoni. Hukaa pia pale plastiki inapotaka kuonekana chuma. Fremu ya fedha inayozunguka simu ya bei nafuu mara nyingi ni plastiki iliyopakwa, na pembe zake ndizo huanza kuchubuka.

Hapo ndipo wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zinapoingia. Lami ya Babati hadi Singida inapita Katesh, lakini ukiiacha unaingia kwenye vumbi, na kiangazi kwenye mashamba ya ngano ya Basotu vumbi hilo halimwachi mtu. Punje za mchanga ni ngumu kuliko rangi yoyote ya simu. Simu hukaa mfuko mmoja na funguo na sarafu, hutoka na kuingia mara nyingi kwa siku, na kila safari ni msuguano. Jua nalo: Mbulu na Hanang ni nchi za juu, na miale inayochosha rangi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wengi hununua kava la silikoni wakidhani limemaliza tatizo. Kwa vumbi hili halilimalizi: punje huingia kati ya kava na bodi, zikasaga rangi polepole bila mwenye simu kuona, mpaka siku anapolivua.

Ukuta wa bodi una unene wa kama milimita 1.5, yaani mikroni 1,500. Rangi ni 20. Mkwaruzo unaomaliza rangi ya kupuliza huwa na kina sawa na sehemu moja tu kati ya 75 za unene wa plastiki iliyo chini yake. Kwenye bodi yenye rangi ya ndani mkwaruzo huo upo, lakini chini yake kuna nyekundu ileile, na jicho halishtuki.

Jicho ndilo linalopanga bei mnadani. Betri hupimwa, vitufe hubonyezwa, lakini mnunuzi huanza kushusha bei pale anapoona plastiki nyeupe kwenye pembe. Tuseme kitochi kilichonunuliwa 25,000 kinauzwa 10,000 baada ya miaka miwili kikiwa na sura nzuri, na 7,000 kikiwa kimechubuka, ingawa ndani ni simu ileile.

Zidisha sasa. Sensa ya 2012 iliikuta Mbulu na watu 320,279 na Hanang 275,990. Mkoa mzima wa Manyara ulikua kutoka 1,425,131 mwaka huo hadi 1,892,502 mwaka 2022, kama theluthi moja. Wilaya hizi mbili zikiwa zimekwenda na mwendo wa mkoa, zina watu karibu 790,000. Nikikadiria simu moja yenye bodi ya plastiki kwa kila watu wanne, tunapata simu kama 200,000, zenye tani 4 za plastiki ya bodi. Na kama zote zingepakwa? Rangi yote juu yake ingekuwa lita 44, ndoo mbili za lita 20 na kidogo juu. Iliyopulizwa kiwandani ili kuzipata ingekuwa lita 320, ndoo 16.

Tuchukue nusu tu, simu 100,000 zilizopakwa. Kiwandani rangi hiyo iliongeza shilingi milioni 64. Ikichubuka na kumpunguzia kila mwenye simu 3,000, ni milioni 300 zinazotoka mifukoni mwa watu wa wilaya mbili. Punguza makadirio yangu ya hasara nusu kama unaona nimezidisha. Bado hasara ya kuchubuka kwake ni zaidi ya mara mbili ya gharama ya kuipaka.

Kuna aina moja ya rangi ninayoichukia kuliko zote, ile laini ya kufanana na mpira inayopakwa kwenye tochi na redio ndogo ili zishikike vizuri. Nyingi hutengenezwa kwa poliuretani, ambayo unyevu na jasho huivunja taratibu. Baada ya miaka michache kifaa hunata mkononi na kushika kila uchafu. Spiriti huitoa, na chini yake mara nyingi kuna plastiki nyeusi nzuri kabisa ambayo haikuhitaji kitu.

Si kila rangi ni ya kulaumiwa. ABS nyeupe huwa ya manjano juani, na rangi nzuri yenye kinga ya jua huikinga. Plastiki iliyorejelezwa hutoka na rangi mchanganyiko, na kuipaka ni afadhali kuliko kuitupa. Na mtengenezaji mdogo wa redio 2,000 hawezi kubeba kalibu ya mamilioni.

Kuzitofautisha dukani hakuhitaji kifaa. Fungua mfuniko wa betri kabla hujaweka laini na utazame upande wake wa ndani. Nje ikiwa nyekundu na ndani kijivu, imepakwa. Rangi ikiwa moja pande zote, tazama tena kingo za tundu la chaji na mashimo ya skrubu, kwa sababu nyeusi juu ya nyeusi hudanganya. Ukiona ukingo mwembamba unaong'aa tofauti na plastiki iliyo chini, ni rangi.

Boksi la simu humwambia mnunuzi uwezo wa betri, idadi ya laini na aina ya mtandao. Waagizaji wanaoleta makontena Dar es Salaam wangeweza kuongeza maneno manne, "rangi hadi ndani, haikupakwa", na Shirika la Viwango Tanzania likayapima kwa kukwangua bodi moja kwa wembe.