Baisikeli ya Kwanza ya Nyumba Yako: Tazama Fremu Kabla ya Rangi

Labda mwaka huu ufuta umekubali, au umeuza mbuzi wawili, na sasa mmepatana nyumbani kwamba wakati wa kununua baisikeli umefika. Mpya haiwezekani. Mtanunua iliyokwisha kutumika, kama wafanyavyo watu wengi wa Kilosa, Kimamba na Mikumi. Fedha hizo zikipotea hazirudi mpaka mavuno mengine. Kwa hiyo kaa nami kidogo tuzungumze kabla hujakwenda mnadani.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Baisikeli yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya rangi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, ina mistari ya dhahabu, na kengele yake ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Muuzaji aliniruhusu nizunguke nayo mara moja uwanjani, nami nikaona nimepata. Wiki ya tatu nilikuwa nimempakia mwanangu wa miaka minne kwenye keria, tukiteremka kilima kidogo upande wa Ulaya (Ulaya yetu hii ya Kilosa, si ile ya ng'ambo ya bahari), nikasikia mlio kama wa mti mkavu unaovunjika. Bomba la chini la fremu lilikuwa limeachana na shingo. Mtoto alivunjika mkono. Fundi alipokwangua rangi alinionyesha: fremu ile ilikwisha kuvunjika zamani, ikachomelewa, kisha ikapakwa rangi mpya juu ya kovu. Mkono ulipona, lakini mwanangu hakukubali kupanda keria tena kwa muda mrefu, na mama yake alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Watu wa pwani wana akili katika jambo hili. Mtu anunuapo mashua iliyokwisha kutumika, hababaiki na tanga wala rangi. Hungoja maji yakupwe na mashua ikae juu ya mchanga, kisha huinama chini yake akazichokoa mbao kwa ncha ya kisu, akitafuta palipooza na palipoliwa na wadudu wa baharini. Tanga likichakaa hushonwa jingine, lakini ubao wa chini ukioza, mashua imekwisha. Na baisikeli ni vivyo hivyo. Tairi, mnyororo, breki na kiti vyote huuzwa dukani. Fremu ndiyo baisikeli yenyewe.

Basi nenda asubuhi, jua likiwa bado la ubavuni, maana jua hilo huonyesha kila mkunjo. Usinunue jioni. Chukua kitambaa, uzi mwembamba wa katani wa urefu wa hatua tatu au nne, utepe wa fundi cherehani, na sumaku uliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Muuzaji atacheka, mwache acheke.

Futa vumbi, kisha tazama pale bomba la juu na bomba la chini yanapoungana na shingo. Rangi iliyojikunja kama ngozi ya goti, au ufa mwembamba kama unywele, ni alama ya ajali. Pitisha kidole upande wa chini, maana kidole huona kisichoonwa na jicho. Halafu simama kando uitazame foku ya mbele. Miguu yake yapasa kushuka ikifuata mstari wa shingo, ndipo ipinde kidogo kwenda mbele. Ukiona imerudi nyuma kuelekea pedeli, ujue baisikeli hiyo iligonga kitu kigumu, hata muuzaji akiapa namna gani.

Sasa uzi. Funga ncha moja penye ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Upeleke mbele, uuzungushe shingo, uurudishe nyuma kwa upande wa kulia na kuufunga penye ekseli vilevile, ukiwa umekazwa. Pima kwa utepe nafasi iliyo kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikitofautiana kwa unene wa penseli, fremu imepinda, na itakuvuta upande mmoja siku zote utakazokuwa nayo. Kilosa ni nchi ya katani, uzi hautakosa.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi hasa, nalo ni maji. Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu walikosa makao na reli ya kati ikakatika. Na hata bila gharika kubwa namna ile, kila masika yako mabonde yanayojaa. Baisikeli iliyolala majini ikisuguliwa huonekana nzima, kumbe inaliwa na kutu kwa ndani. Mwombe muuzaji akitoe kiti pamoja na bomba lake, kisha pindua baisikeli juu chini na kuigonga kwa kiganja. Ukidondoka unga mwekundu kidogo, si neno. Yakimwagika magamba ya kutu, mshukuru na uende zako. Na kiti kikikataa kabisa kutoka, hiyo nayo ni habari.

Yaliyobaki ni ya kupunguzia bei tu. Inua gurudumu, lizungushe, na ushike kijiti karibu na rimu: rimu iliyopinda itakuja na kukikimbia kijiti. Gonga spoku kwa ukucha. Iliyolegea hutoa sauti nzito. Sukuma tairi kushoto na kulia, na likicheza, gololi zimechoka. Pima mnyororo kwa utepe ule ule. Viungo 24, ukihesabu cha nje na cha ndani, hufanya inchi 12 kamili mnyororo ukiwa mpya. Ukifika inchi 12 na sehemu moja ya nane, umekwisha, na yamkini umekula na meno unayozungukia. Breki zijaribu kwa kuimwagia rimu maji kidogo, kwa kuwa rimu ya chuma ikilowa breki hushika vibaya. Andika kila ubovu kwenye karatasi pamoja na bei ya kifaa dukani. Karatasi hiyo hupunguza bei kuliko maneno mengi.

Utakutana na aina mbili. Ya kwanza ni ile nzito tuijuayo, kama Phoenix ya China au Hero ya India, yenye gurudumu la inchi 28. Ya pili ni zile za mitumba kutoka Japani, nyepesi, nyingine zina gia na kikapu mbele. Mimi sizidharau za Japani, zinapanda kilima vizuri. Lakini soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha uende duka la karibu na kwenu, si la Morogoro, ukaulize kama tairi hiyo ipo. Uangalie sana: tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8 na ile ya 26 x 1.75 zote huitwa inchi 26, lakini moja haiingii kwenye rimu ya nyingine. Watu wamerudi nyumbani na tairi mpya isiyovalika. Tena gusisha sumaku kwenye fremu. Isiponata, hiyo ni alumini, na fundi wa kijijini anayechomelea majembe hataweza kuiunga ikivunjika.

Sasa, baba, swali ambalo wengi hatuulizi: nani atapanda? Baisikeli yenye bomba la juu imenyima mama wengi safari. Mama aliyevaa kanga hawezi kurusha mguu juu ya bomba, sembuse akiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo gunia la mahindi hungoja mpaka baba arudi, na mtoto mwenye homa hungoja vilevile, au bodaboda hulipwa. Ikiwa baisikeli ni ya nyumba, tafuta ile ambayo bomba lake la juu limeinama. Nenda na mama mnadani, aipande yeye mbele yako. Kama miguu yake haifiki chini anaposimama, basi hiyo si ya nyumba, ni yako wewe peke yako, na mkubaliane hivyo kabla fedha haijatoka.

Keria nayo iwe ya chuma kinene, imefungwa kwa nati chini penye ekseli na juu penye fremu. Na kama mtapakia watoto, fungeni ubao au kitambaa kigumu kando ya gurudumu la nyuma, na vyuma viwili vya kukanyagia. Mguu wa mtoto huingia kwenye spoku mara moja tu, na kisigino hukatika vibaya.

Wenye kusafiri upande wa Mkata wajue udongo wake mweusi. Mvua ikinyesha, udongo ule hujisokota kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linasimama. Chagua baisikeli ambayo kidole chako hupita humo bila kugusa. Na wewe wa Mikumi, barabara kuu ipitayo katikati ya Hifadhi si mahali pa kuendesha baisikeli na mke na mtoto: kuna mabasi na malori, na kuna tembo, nyati na simba. Ipakie kwenye basi.

Hatimaye, karatasi. Tafuta namba ya fremu, mara nyingi iko chini penye pedeli au kwenye bomba la kiti. Kama imesuguliwa kwa tupa, ondoka upesi. Sheria humwadhibu pia mwenye kupokea mali ya wizi akijua, na mbele ya polisi kusema "sikujua" ni kazi kubwa unapokuwa huna hata kipande cha hati. Mwandikiane kwa mtendaji wa kijiji: majina, namba, bei na tarehe, na mashahidi wawili.

Baisikeli yangu ya pili niliinunua kwa uzi na utepe. Ina rangi ya kutu na kijani, kengele hakuna, madigadi ya nyuma imefungwa kwa waya, na bomba lake limeinama. Mwezi wa kwanza nilitia mnyororo, gololi na tairi moja, na fedha hizo nilikuwa nimeziweka kando kabla ya kununua. Jumamosi mama watoto huichukua mapema kwenda mashineni, na mimi nikiwa na safari yangu siku hiyo hutembea kwa miguu.