Ralanti ya Juu: Celica ya Kaka na Termostati Iliyotolewa

Bandugu wahitimu, na ninyi mnaosubiri matokeo ya sesheni ya pili, leo sileti siasa. Naleta ralanti, yaani ule mzunguko wa motere wakati gari imesimama na mguu hauko kwenye aksele.

Kaka yangu mkubwa ana Toyota Celica ya 1994, ile ya taa nne za mviringo mbele, usukani kuliani kama gari nyingi za huku zilizotoka Japani. Motere ni 3S-FE ya lita mbili, vitesi otomatiki. Ni gari ya mbio, lakini hapa Mulongwe nani atakimbia? Kazi yake ni harusi. Jumamosi inabeba bibi harusi, na pesa ya Jumamosi ndiyo inalipa minervali ya mdogo wetu wa kike.

Mshale ulikuwa unakaa kwenye 1,500 hata motere ikiwa imetembea nusu saa. Ilipaswa kuwa karibu 750. Mtu anaweza kusema, basi inakula esansi zaidi, ndiyo hivyo tu. Hapana. Gari ya otomatiki yenye ralanti ya juu inasukuma yenyewe. Siku moja sokoni kaka alilegeza mguu kwenye freni ili ajibu simu, gari ikasogea mpaka kwenye beseni la mama mmoja muuza ndagala. Mama hakuumia, Mungu asifiwe. Ndagala zilimwagika, tukalipa. Kesho yake fundi mmoja akatuambia kompyuta ya motere imekufa, tubadilishe. Bei aliyotaja ingekula minervali ya mwaka mzima.

Mimi nina diploma ya elektromekanika, na niseme ukweli, nilikuwa sijawahi kutengeneza gari hata moja. Nilimwomba kaka siku tatu.

Motere ya esansi inaongozwa kwa hewa. Unapokanyaga aksele humwagi esansi, unafungua kibati cha mviringo kinachoitwa papiyo, hewa inaingia, na kompyuta inaongeza esansi ya kulingana nayo. Ukiachia mguu papiyo inafungwa, na hewa kidogo ya ralanti inapita pembeni, kwenye kilango kinachofunguliwa na kufungwa na kompyuta. Kwa hiyo ralanti ikiwa juu, swali ni moja: hewa hii ya ziada imepitia wapi, na nani aliiruhusu? Ama imeingia kwa wizi kwenye mpira uliopasuka, ama papiyo haifungi vizuri, ama kompyuta yenyewe imefungua kilango kwa sababu imeambiwa jambo fulani.

Tena 3S-FE hii haipimi hewa inavyoingia. Inapima mgandamizo ndani ya manifoldi tu. Hewa ya wizi ikiingia, mgandamizo unapanda, kompyuta inafikiri ni hewa halali na inaongeza esansi. Motere haikohoi wala haizimiki, inaimba tu juu. Ndiyo maana watu wanakaa na shida hii miaka.

Siku ya kwanza nilitafuta wizi. Kuna watu wananyunyizia esansi kwenye mipira huku motere inawaka, wasikilize kama sauti itabadilika. Ndugu, usifanye, utaungua wewe na gari. Nilichukua seringi ya famasi, nikadondosha maji kidogo kidogo kwenye kila kiungo. Bila matokeo. Halafu nikabana mipira kwa pensi mmoja mmoja. Wa freni nilianza nao, kwa sababu ukivuja unakuletea ralanti mbaya na freni ngumu kwa pamoja. Ulikuwa mzima. Wa mwisho, mwembamba, nyuma ya manifoldi mahali mkono hauingii vizuri, nilipoubana mshale ukashuka. Ulikuwa umekauka na kupasuka kwa uzee. Nikaweka mpya. Mshale ukasimama 1,300.

Nilikuwa nimeshaita kaka aje aone ushindi. Akatazama mshale, akanitazama.

Siku ya pili nikaenda kwenye papiyo. Kuna kivisi kidogo ambacho papiyo inakilalia ikifungwa. Kiwandani wanakiweka na kukipaka rangi, hakigeuzwi. Chetu rangi ilikuwa imevunjika. Mtu alikikaza ili gari isizimike, bila shaka wakati papiyo ilikuwa imejaa masizi. Hapo kuna ubaya wa pili: papiyo isipofika mwisho, swichi ndogo ya pembeni haigusi, na kompyuta haijui kwamba mguu umetoka. Ikikosa kujua, haishughuliki na ralanti kabisa. Nikasafisha masizi, nikarudisha kivisi mpaka multimeta ikaonyesha swichi inagusa. Mshale: 1,100. Bado.

Usiku sikulala vizuri. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi kulikuwa na harusi.

Ijumaa asubuhi niliunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kisanduku cha uchunguzi karibu na motere. Kwenye Toyota za miaka ile, taa ya dashibodi inapepesa na kukuambia kosa kwa kuhesabu. Ikapepesa sawasawa bila kusimama, maana yake hakuna kosa. Kompyuta ilikuwa inasema iko sawa. Basi kama iko sawa, kwa nini imefungua kilango? Kompyuta inafungua kilango hivyo motere ikiwa ya baridi.

Nikapima sonda ya joto la maji mara tu tulipotoka barabarani. Motere yenye joto lake la kazi, karibu digrii 80, inapaswa kuonyesha kati ya omu 200 na 400. Yetu ilionyesha karibu 700, yaani kama digrii 55. Kwanza nikashuku sonda. Halafu nikaweka mkono kwenye mpira mkubwa wa radiateri. Nilitegemea kuungua. Ulikuwa vuguvugu, kama maji ya kuogeshea mtoto.

Nilifungua kikombe cha termostati. Ndani hakukuwa na kitu.

Nikaenda kumwona mzee fundi aliyeishughulikia gari zamani. Nilikwenda na hasira, lakini mzee ni mzee. Nikamsalimu, nikakaa.

"Papa, ile termostati ya Celica iko wapi?"

"Nilitoa. Mwanangu, huku kwetu kuna joto. Ile ni kitu ya nchi za baridi."

"Papa, sonda inasema motere iko na baridi. Kompyuta inaendelea kuipasha."

Akanyamaza kidogo. Halafu akanieleza jambo ambalo sikulijua: kaka alikuwa amepanda na ile gari milima ya Ngomo akielekea Bukavu, ikachemka mara mbili. Radiateri ilikuwa imeziba kwa sababu ilijazwa maji ya mtoni, na pesa ya nyingine haikuwepo. Akatoa termostati ili maji yapite bila kizuizi, gari ikafika. Mzee hakuwa mjinga. Alimtibu mgonjwa kwa dawa aliyokuwa nayo, na hakuna aliyerudi kumwambia kilichofuata.

Ningerudisha termostati bila kuuliza, gari ingechemka na bibi harusi ndani.

Tukafanya kazi pamoja mchana kutwa. Yeye alifungua radiateri na kuipitisha maji kinyumenyume mpaka tope jekundu likaisha. Mimi nilinunua termostati ya okazioni, tukaitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni kwa mke wake. Termostati ya hii motere inaanza kufunguka kwenye digrii 80 hivi, na huku kando ya ziwa, karibu mita 770 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 97, kwa hiyo sufuria inatosha kabisa. Ikafunguka. Tukaitoa, ikajifunga. Mzee akasema tuirudishe tena aone.

Saa kumi na moja jioni tukawasha. Mshale ukapanda 1,400 kwa baridi, kama inavyotakiwa, halafu ukaanza kushuka pole pole. 1,200. 1,000. Mpira wa radiateri ukawa moto, feni ikawaka, ikazima. 750. Kaka akatia D, akatoa mguu kwenye freni. Gari ikatambaa taratibu kabisa.

Harusi ilifanyika. Ngomo bado hatujaijaribu, mzee anasema hapana mpaka ipatikane radiateri mpya.